Jibu la swali lako, limechelewa

Swahibu yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, na mama mguu umeacha kumsumbua. Nisamehe kwa kimya cha miezi mitatu. Barua yako ninayo hapa mezani na swali lako nimelipigia mstari: tunu na fadhila zina tofauti gani, maana hao vijana utakaozungumza nao lazima watakuuliza. Nilikuwa nakutafutia jibu vitabuni. Wiki iliyopita nimelipata kazini, nami sikulipenda.

Tuliambiwa kila mmoja aandike mambo matatu anayoyathamini kuliko yote. Mimi la kwanza niliandika ukweli, bila hata kufikiri. Siku mbili baadaye ikaonekana kwenye hesabu 87 badala ya 78. Mkubwa wetu akamgeukia mwenzangu ninayekaa naye meza moja, akamkemea mbele ya watu. Mwenzangu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, akasema, "Samahani, nitarekebisha." Zile tarakimu nilizigeuza mimi. Nilizitambua palepale, na nikanyamaza.

Usidhani niliandika ukweli kwa unafiki. Nauthamini kwelikweli, ndiyo maana usiku ule sikulala. Hiyo ndiyo tunu: jambo unaloliona jema, unalolisifu, unalotamani wanao walishike. Fadhila ni wema uliokwisha kuwa tabia yako, hata zamu yako ikifika unautenda bila kuvutana na nafsi. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alilisema zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kwamba mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki, kama mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Nililisoma zamani nikaliona jepesi. Sasa najiuliza, mimi nimejenga mara ngapi?

Halafu kuna hili la ujasiri, ambao Aristotle anauweka katikati ya woga na kujitosa ovyo. Pale mezani ukweli niliujua wote, tarakimu kwa tarakimu. Nilichokosa ni ujasiri wa kuutamka. Kwa hiyo ukiwafundisha vijana ukweli peke yake, utawapa nusu.

Na lile uliloandika, kwamba kila mtu na tunu zake, hapo sikuungi mkono. Hata genge la wezi linathamini uaminifu, ole wake anayemsaliti mwenzake! Kuthamini kitu hakukifanyi kiwe sawa mahali pote. Inatakiwa busara ya kujua lini, kwa nani, kwa kiasi gani, na busara hiyo yenyewe ni fadhila. Mwalimu wetu alikuwa akilirudia hili mpaka tukachoka, unakumbuka?

Nirudi kwa mwenzangu. Kesho yake nilimfuata nikamwambia ni mimi. Akanitazama, akasema, "Nilijua. Mwandiko wako naujua." Basi. Akaendelea na kazi.

Tangu siku hiyo neno hilo halinitoki. Alijua, akabeba. Tulinyamaza wote wawili, dakika ileile, meza ileile. Kimya changu kilikuwa woga, hilo halina mjadala. Chake je? Aristotle anasema tendo la fadhila hutendwa na mtu ajuaye, aliyelichagua kwa ajili ya wema wake, na kutoka katika tabia thabiti. Kwa nje huwezi kuyaona hayo. Labda alinihurumia, labda naye aliogopa, labda alikuwa ananipa nafasi niseme mwenyewe... sijathubutu kumuuliza.

Jumatatu nakwenda kwa mkubwa. Sitaki uniambie nisiende, ila niambie haya: nimwombe ruhusa mwenzangu kwanza, au hiyo itakuwa njia nyingine ya kuahirisha? Niseme kwa faragha, au mbele ya walewale walioona akikemewa? Wewe ungekuwa yeye, ungetaka ipi? Na vijana wako utakutana nao lini? Ukitaka kuwasimulia habari hii wasimulie, na jina langu ulitaje.

Nisalimie wote nyumbani, na dada yako mwambie barua yake inafuata.

Ni mimi, rafiki yako wa siku zote