Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Uingereza: Kipimo hiki kinapima Kiingereza

Mheshimiwa Waziri,

Sisi wanasaikolojia wa elimu, wiki hii tumeletewa ripoti nyingine. Mtoto wa miaka 7, nyumbani wanaongea Kisomali, Kiingereza ana mwaka mmoja na nusu nacho. Kapimwa msamiati kwa Kiingereza, kapata alama 71, na chini yake pameandikwa: uwezo mdogo wa kiakili. Mkalimani? Dada yake wa miaka 10.

Wastani wa kipimo hicho ni 100, na 71 inamtupa mtoto kwenye asilimia 3 za chini kabisa. Lakini jedwali la alama limetengenezwa kwa watoto waliosikia maswali hayo kwa Kiingereza. Swali likitafsiriwa papo hapo, ugumu wake umebadilika na jedwali halina kazi tena. Kiingereza cha kuchezea mpira hushikwa kwa miaka kama 2. Cha darasani huchukua 5 hadi 7. Haya si mageni ofisini kwako, au ndivyo tunavyodhani.

Mwaka 1971 Bernard Coard, mwalimu kutoka Grenada, alionyesha jinsi watoto wenye asili ya Karibea hapa Uingereza walivyorundikwa kwenye shule za walioitwa wenye akili pungufu. Sheria ya Elimu ya 1981 ikalifuta jina hilo. Mazoea hayakufutwa, pengine kwa sababu namba huandikwa haraka kuliko maelezo, na mwanasaikolojia wa elimu ana wiki 6 tu za kutoa ushauri wake kuhusu mahitaji ya mtoto.

Matamko mazuri ya 2020 dhidi ya ubaguzi wa rangi tunayo bado, asante. Ila mafunzo ya saikolojia ya elimu ni miaka 3 ya shahada ya uzamivu, na ubaguzi ukipewa alasiri moja ya slaidi, mwanafunzi hutoka analijua neno “upendeleo” bila kujua afanye nini mtoto akikaa mbele yake. Mwanafunzi mweusi ndiye huombwa awaelimishe wenzake. Bure, bila shaka.

Cha kufanya kinafahamika. Mkalimani aliyefunzwa, akutane na mtaalamu kabla ya kikao. Mama aulizwe mtoto alianza lini kuunganisha maneno kwa lugha ya kwao, na kama akitumwa vitu viwili kwa mpigo anarudi navyo vyote. Akiyumba hata huko, hapo kweli pana jambo la kuchunguza. Kisha mtoto apimwe, afundishwe kidogo, apimwe tena: aliyepiga hatua kubwa baada ya dakika 20 za kufundishwa hakukosa akili, alikosa kufundishwa.

Tulikusudia kudai mengi: usimamizi, udahili, ukaguzi wa kozi. Tuyaache kwanza. Tunaomba moja, Mheshimiwa. Ushauri wowote wa kisaikolojia wenye alama ya kipimo cha lugha, lakini usiosema mtoto anaongea lugha gani, tangu lini, na nani alitafsiri, urudishwe kwa aliyeuandika. Urudishwe, kabla mtoto hajapangiwa shule.

Wako katika kazi,
Wanasaikolojia wa elimu na wakufunzi wa fani