Maziwa ya jioni yasiende bure: barua kwa shoga yangu wa Muheza

Exeter, Devon
Mwezi wa Juni

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji na watoto, na ng'ombe wako pia. Mimi huku sijambo, alhamdulillahi. Baridi imetuachia, na siku hizi jua linazama saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo nikitoka kazini nina muda wa kukaa na kalamu.

Uliniuliza kwenye simu lile bakuli nililokutumia picha yake lina nini ndani. Nikakwambia maziwa tu, ukasema nakuficha. Wallahi sikufichi. Ni maziwa, sukari kidogo na reneti, ile dawa ya kugandishia maziwa, basi. Hamna yai, hamna unga wa mahindi, hamna jelatini, wala hakichemki kitu. Wenyewe wanaiita pudini hii janketi, na hapa Devon na jirani zao Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, ndiko kwao hasa. Kwenye simu nisingeweza kukueleza nikamaliza, na jambo hili nalipenda mno kulisema nusunusu.

Aliyenifunza ni bibi mmoja kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi. Amepita miaka tisini, na alizaliwa shambani pembezoni mwa nyika ya Dartmoor. Kwao, ng'ombe wakishakamuliwa, mama yake alikuwa akimimina maziwa moja kwa moja kwenye bakuli kubwa la kauri, anatia sukari na reneti, anakoroga mara moja, kisha analiacha juu ya rafu ya mawe kwenye chumba cha maziwa. Hawashi moto. Joto yanalotoka nalo maziwa kiweleni ndilo joto lenyewe linalohitajika. Kabla ya chakula cha usiku kumalizika, bakuli zima limeshaganda, wanalipaka malai mazito ya Devon juu, wanakuna kungumanga, wanakula. Bibi huyu akisimulia habari hii macho yanamng'aa, na mimi nikakuwaza wewe pale pale, na ndoo yako ya maziwa ya jioni unayoiuza kwa bei ya kutupa kwa sababu gari la kukusanya maziwa limeshapita.

Usije ukafikiri ni mtindi. Mtindi unaganda kwa sababu bakteria wanakula sukari ya maziwa na kuigeuza asidi. Ndiyo maana unakuwa mchachu. Janketi haichachi hata kidogo. Ndani ya maziwa kuna protini iitwayo kaseini, inayoelea katika vijipunje vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kila kijipunje kina utando unaokizuia kisishikane na mwenzake. Reneti ina kimeng'enya kiitwacho kaimosini, na kazi yake ni kuukata utando huo. Ukishakatwa, vijipunje vinashikana kwa msaada wa kalsiamu iliyomo ndani ya maziwa yenyewe, vinajenga wavu, na wavu ule unanasa maji na mafuta yote yakabaki humo humo. Utamu wa maziwa haujaguswa. Ukitia kijiko mdomoni unapata maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, ila yamesimama, laini kama nyama ya dafu changa, na yanayeyuka kabla hujatafuna.

Na hiyo kaimosini ni ya ndama. Imo kwenye tumbo lake la nne wakati bado ananyonya. Maziwa yangebaki majimaji yangempita haraka. Yakiganda tumboni yanakaa, anayasaga polepole, anashiba. Kwa hiyo kinachotokea bakulini ndicho kinachotokea kila siku ndani ya ndama wako akitoka kunyonya. Zamani wanawake wa mashambani huku walikuwa wanachukua tumbo la ndama aliyechinjwa, wanalitia chumvi, wanalikausha, halafu wanaloweka kipande kwenye maji ya chumvi na kutumia yale maji. Nguvu yake ilikuwa haitabiriki, leo kali, kesho dhaifu. Mwaka 1874 mfamasia wa Denmark, Christian Hansen, alianza kutengeneza reneti yenye nguvu iliyopimwa kule Copenhagen, na tangu hapo mtu yeyote akawa anaweza kununua chupa au vidonge dukani.

Najua unachotaka kuuliza, maana nami niliuliza. Reneti ya ndama wanazuoni wamekhitilafiana juu yake, hasa ndama akiwa hakuchinjwa kwa taratibu zetu. Mimi natumia ile itokanayo na kuvu, imeandikwa wazi kwenye chupa kwamba inawafaa wasiokula nyama, na moyo wangu umetulia. Ipo pia aina nyingine inayotengenezwa na vijidudu vilivyopewa jeni ya ndama; Marekani waliiruhusu mwaka 1990, na jibini nyingi ya viwandani siku hizi inagandishwa kwayo. Kwa janketi zote zinafanya kazi.

Sasa sikia namna ya kufanya, maana hapa ndipo wewe na mimi tunatofautiana. Mimi nanunua maziwa ya dukani ambayo mafuta yake yameshapondwapondwa kiwandani ili malai yasielee juu, na pudini inatoka laini kupita kiasi. Nikitaka iliyo nzuri natafuta maziwa ya ng'ombe wa Jersey, ya njano kidogo, mazito. Wewe unayo mlangoni. Ila ya kwako hayajapita kiwandani, na hatuwezi kujidanganya kuhusu magonjwa yanayompata mtu kwa maziwa mabichi, kama brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Usitumie mabichi kama yule mama wa Dartmoor. Lakini pia usiyachemshe yakafoka kama tulivyozoea, kwa sababu maziwa yaliyochemshwa sana hayashiki vizuri. Joto kali linazifanya protini nyingine za maziwa zijibandike kwenye kaseini, na kaimosini ikija haipati nafasi. Hii ndiyo sababu maziwa ya boksi yanayokaa miezi bila friji hayafai kabisa. Utasubiri mpaka usiku, yatabaki maji.

Njia ya katikati ni hii. Weka sufuria ya maziwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, pasha polepole huku unakoroga mpaka kipimajoto kisome nyuzi 63, kisha yashikilie hapo kwa dakika 30, yasishuke. Hiyo inaua wadudu na inayaacha maziwa na uwezo wake wa kuganda. Kipimajoto usikikwepe hapa, hata kama mkono wako una uzoefu wa miaka. Halafu yaache yapoe hadi nyuzi 37. Kwa nusu lita tia kijiko kimoja cha chakula cha sukari, koroga iyeyuke yote, ndipo utie kijiko kimoja cha chai cha reneti ya pudini. Ukipata ile ya watengeneza jibini, hiyo ni kali zaidi; matone machache tu yanatosha, uyachanganye kwanza na kijiko cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya bomba yenye klorini yanaidhoofisha.

Koroga kwa sekunde chache, mimina kwenye bakuli utakazopakulia, na baada ya hapo mikono nyuma. Usitikise, usihamishe, usiinamishe kuona kama tayari. Wavu ule unajengwa katika utulivu. Ukiutikisa katikati unakatika na haurudi tena. Na usikimbilie friji, kwa sababu kaimosini inafanya kazi yake kwenye uvuguvugu. Iache mezani, mbali na watoto. Baada ya robo saa gusa ukingo wa bakuli kwa kidole: uso wote utatetemeka pamoja, kipande kimoja, badala ya kupiga mawimbi. Ikishashika vizuri ndipo uiweke kwenye baridi.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kukata kijiko cha kwanza. Upande uliokatwa unabaki wima, unang'aa, mweupe pe, na baada ya muda mfupi unaona maji mepesi ya rangi ya njano ya kijani yanaanza kutiririka chini ya ule ukuta. Ndiyo maana nasema bakuli ndogo ndogo, kila mtu na yake. Ukichota kwenye bakuli kubwa na kulirudisha, kesho utakuta mabonge yanaogelea.

Ng'ombe wako chagua. Yule aliyezaa juzi bado anatoa dang'a, usimtumie, kwanza ni haki ya ndama. Na dang'a inaganda yenyewe kwa joto tu, ni pudini nyingine kabisa. Maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele hayagandi vizuri. Na yaliyokaa mpaka yakaanza kuchacha yanaganda kwa pupa, yanakuwa magumu na yanavuja. Maziwa ya siku hiyo hiyo, ya ng'ombe mzima, anayekula majani mazuri. Wala usifikirie kuyaongezea kitu cha kuficha ladha yake. Maziwa ndiyo pudini yenyewe, na yakiwa mabovu kila mtu atajua.

Juu yake wenyeji wanakuna kungumanga. Shoga, nilipoiona mara ya kwanza nilifurahi kweli. Kungumanga ile ile tunayoiona Kizimbani, kwenye mashamba ya viungo ya Unguja, na utando wake mwekundu, hapa wanaiheshimu kwenye pudini ya maziwa tangu karne na karne. Zamani janketi ya mabwana ilikuwa ya malai matupu, na walitia maji ya waridi pia. Kwa hiyo ukitia arki ya waridi hujavunja mila ya mtu. Baadhi yao hutia na kileo, hiyo tumewaachia. Mimi kwenye ya kwangu napasha maziwa pamoja na iliki mbili zilizopasuliwa, nazitoa kabla ya kutia reneti. Iliki ya Amani iliyo karibu yako ingefaa mno. Ndimu na ukwaju usitie ndani. Matunda yake kando ya bakuli, embe lililoiva likatwe vipande, yaliwe pamoja lakini yasichanganywe.

Reneti Muheza sidhani kama utaipata dukani. Njombe wanatengeneza jibini, basi wao wanayo. Waulize wale mnaokutana nao kwenye mikutano ya wafugaji. Na mpwa wangu anakuja mwezi wa nane, nitampa chupa. Ikifika iweke kwenye friji, mbali na mwanga.

Lakini huna haja ya kumsubiri. Kusini mwa China, mkoa wa Guangdong, wana pudini ya namna hii wanayoigandisha kwa tangawizi, na mji wa Shawan ndio unaosifika kwayo, kwa maziwa ya nyati wao wa kufugwa. Tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya kinachokata protini za maziwa. Chukua tangawizi iliyokomaa, ile yenye nyuzi, kama ile inayoteremshwa kutoka milima ya Same. Ikune, ikamue kwa kitambaa, tia vijiko viwili vya chakula vya maji yake kwenye bakuli. Koroga kwanza, maana wanga wake hutuama chini. Pasha kikombe cha maziwa na sukari mpaka nyuzi 70, kisha yamimine yote kwa mkupuo mmoja juu ya yale maji, na usikoroge tena. Dakika kumi tu. Hii inafanya kazi kwenye joto ambalo reneti ingekufa, na inaliwa ikiwa bado na moto, siku ya mvua inafaa sana. Ukiilaza inaingia uchungu, kwa hiyo fanya ya kuliwa pale pale. Maji ya tangawizi yawe ya kukamuliwa muda huo huo. Ya unga wa pakiti hayagandishi chochote.

Huku kwenyewe janketi imeachwa, na inaniuma. Ilikuwa chakula cha watoto na wagonjwa, hospitalini na mashuleni, na wengi wanaikumbuka hivyo hivyo, kitu cha lazima kilichotengenezwa kwa maziwa mepesi. Halafu zikaja pudini za unga wa pakiti, unachanganya na umemaliza. Wenzangu wachanga kazini hawajui hata jina lake. Yule bibi nilimtengenezea, akala polepole mpaka chini, akaniambia kungumanga ingezidi kidogo. Alisema kweli, na tangu siku hiyo naizidisha.

Nataka uifanye kwa sababu wewe una kile ambacho huku ni shida kukipata: maziwa ya jioni, ng'ombe unaowajua kwa majina, na viungo vya kukatwa shambani. Kikombe kimoja kikiwa na pudini yenye iliki, pale stendi, kitauzwa mara kadhaa ya bei ya maziwa yenyewe, ilimradi uwe na sanduku la barafu na usiuze iliyolala. Anza na ya nyumbani kwanza. Mpe Mama Mkubwa aonje, meno yake hayatamsumbua.

Ukishajaribu niandikie, uniambie maziwa ya ng'ombe yupi yameshika vizuri zaidi. Mimi naweka dau langu kwa yule mwekundu wa Jersey. Na uniambie kama kipimajoto huna, nikiweke kwenye mzigo wa mpwa pamoja na reneti.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na Mama Mkubwa mpe mkono wangu.

Wako,
Shogayo wa Exeter