Kidevu cha Davis, bega la Higgins

Swahibu yangu,

Salamu nyingi, na natumai wa nyumbani wote hawajambo. Barua yako nimeipata. Unasema umetazama mechi tatu nne za zamani za snuka, ule mchezo wa kuingiza mipira mashimoni kwa fimbo, na hukuona tofauti ya mtu na mtu: wote wamevaa kizibao na tai ya kipepeo, wote kimya, wote wanapaka chaki. Na kila mpenzi wa zama zile za miaka ya 1970 na 1980 unayemuuliza anakujibu kwamba Alex Higgins alikuwa moto na Steve Davis barafu, kisha anaishia hapo. Jibu hilo si uongo, ila ni la kivivu. Tabia za wale watu zilikuwa kwenye miili yao kabla hazijafika magazetini. Zima sauti ya watangazaji, nikuoneshe pa kutazama.

Anza na meza, kwa sababu macho yako yamezoea pool na yatakudanganya. Meza ya snuka ni futi 12 kwa 6, na midomo ya mashimo yake imeviringwa, kwa hiyo mpira uliopigwa kwa nguvu ukigusa ukingo karibu na shimo hutemwa. Mipira myekundu ni 15, kila mmoja pointi 1. Ya rangi huanzia wa njano, pointi 2, hadi mweusi, pointi 7. Kila ukiingiza mwekundu unapata nafasi ya kupiga mmoja wa rangi, nao unarudishwa mezani mpaka myekundu yote iishe. Anayechukua myekundu yote 15 na mweusi kila mara, kisha akasafisha rangi zote sita, anafikisha 147. Kwenye meza ndefu vile, fimbo ikienda kombo kidogo tu mkononi, mpira unafika ng'ambo umeshapotea. Ndiyo maana walimu wote wa snuka hukazia jambo moja: kichwa kisitikisike.

Davis alilelewa na jambo hilo. Baba yake, Bill, alimfundisha kwa kufuata maelekezo ya Joe Davis, bingwa wa kabla na mara baada ya Vita Kuu ya Pili, ambaye hawana undugu licha ya jina. Mtazame anapoinama. Kidevu kinagusa fimbo, mkono wa mbele umenyooka, na kinachosogea ni mkono wa nyuma peke yake, kuanzia kwenye kiwiko. Mpira umeshaondoka, umeshaingia shimoni, kichwa bado kipo palepale. Halafu acha kutazama mpira wa rangi, ufuate mweupe, ule unaogongwa na fimbo. Unasimama pale ambapo mpigo unaofuata ni rahisi, na baada ya huo mwingine rahisi. Watu walichoka naye kwa sababu hiyo hasa: hawakuona mpigo wa ajabu. Lakini mpigo wa ajabu kwa kawaida ni malipo ya mpigo mbaya uliotangulia. Davis hakuwa na deni la kulipa.

Na akiona hesabu haimpi, hakujaribu bahati, alijihami. Aliugusa mwekundu kwa pembeni na kuurudisha mweupe nyuma ya mstari wa kuanzia, ukalala kwenye ukingo. Sasa mpinzani anapaswa kupiga kutoka mbali, fimbo imeinuliwa juu ya ukingo, sehemu ndogo tu ya mpira mweupe ikiwa wazi. Hapo ndipo wengi walipokosa, na kila aliyekosa aliachia nafasi. Mataji 6 ya dunia (1981, 1983, 1984, 1987, 1988 na 1989) yalijengwa kwa mipigo ambayo hakuna aliyeipigia makofi. Mwaka 1989 alimfunga John Parrott fremu 18-3 kwenye fainali (fremu ni mchezo mmoja ndani ya mechi), na fainali ile inachosha kweli, hapo sikatai.

Sasa Higgins, mtoto wa Belfast aliyeitwa Kimbunga. Karibu kila alichokatazwa Davis, yeye alikifanya. Fimbo anaisukuma kwa kushtua, bega linapanda, kichwa kinainuka, na mara nyingine mwili mzima unazunguka huku mpira bado unatembea. Mwanafunzi akiiga hivyo atakosa, kwa sababu bega likisogea kabla ya kugonga, fimbo inauacha mstari wake na mweupe unapata mzunguko wa pembeni ambao hukuukusudia. Yeye aliponea wapi? Rudisha rekodi polepole uone. Mara nyingi anainuka sekunde ileile fimbo inapogusa mpira, si kabla. Siku mkono ukiwa na wakati wake, anaingiza kila kitu. Siku ukichelewa chembe, anaanguka kama embe bovu. Hakuwa na siku ya katikati, na ndiyo maana ana mataji mawili tu ya dunia, ya 1972 na 1982, wala si sita.

Wanaosema alikuwa mpigaji wa pupa tu wanamkosea. Tazama nusu fainali ya 1982 dhidi ya Jimmy White pale Crucible, ukumbi wa Sheffield ambao mashindano ya dunia yamefanyika tangu 1977. White, kijana wa miaka 20, anaongoza 15-14 na anahitaji fremu moja. Katika fremu ya 30 yuko mbele kwa pointi 59, anakosa mwekundu akitumia fimbo ya kuegemeza, ile ya kufikia mipira ya mbali, anaketi. Higgins anainuka na kukusanya 69 bila kukosea. Mfululizo huo ni kinyume kabisa cha somo la Davis. Mpira mweupe haukai panapotakiwa karibu hata mara moja. Kila mpigo anajikuta mahali pabaya, anaingiza mpira mgumu ili ajitoe, anatua pabaya tena. Hesabu ya kila mpigo ilikuwa dhidi yake, na hakukuwa na njia ya kujihami, maana kujihami wakati ule ni sawa na kushindwa kwa kuchelewa. Alijua hilo. Huo ni uamuzi sahihi wa mchezaji anayeielewa hali yake. Akashinda 16-15, na kwenye fainali akamfunga Ray Reardon 18-15, akimaliza na mfululizo wa 135. Usisahau pia kwamba Davis, bingwa mtetezi, alikuwa ameshatolewa raundi ya kwanza na Tony Knowles, 10-1. Njia ilisafishwa.

Upande wa pili wa Higgins nisikufiche, kwa kuwa mashabiki wake hupenda kuupaka sukari. Mwaka 1986 alimpiga mkurugenzi wa mashindano kwa kichwa chake, akatozwa faini ya pauni 12,000 na kufungiwa mashindano matano. Mwaka 1990 alimtishia Dennis Taylor kwamba atampigisha risasi, na Taylor ni mtu wa Ireland Kaskazini kama yeye, enzi ambazo neno hilo kule halikuwa mzaha. Kipaji hakifuti hayo.

Nimemtaja Taylor, basi tumalizane naye, maana yeye ndiye anayeharibu hadithi ya moto na barafu. Hakuwa huyu wala yule. Alikuwa mcheshi wa ukumbini, mtu wa kutania watazamaji katikati ya mechi, na miwani yake ilichekwa sana. Miwani ile haikuwa kituko. Ukiinama kidevu kikagusa fimbo, macho yanatazama mbele kupitia sehemu ya juu kabisa ya kioo. Miwani ya kawaida ina fremu pale pale, na katikati ya lenzi iko chini mno, hivyo mpira wa mbali una ukungu au unakatwa na fremu. Jack Karnehm, aliyekuwa mchezaji na mtangazaji na anayejua kazi ya miwani, alimtengenezea yenye vioo vikubwa vilivyopandishwa juu na kulazwa. Kuanzia hapo Taylor akauona mpira wa mwisho wa meza kama wenzake.

Fainali ya 1985 ndiyo kila mtu anaikumbuka. Davis anaongoza 8-0. Taylor hakutangulia hata mara moja mpaka mwisho wenyewe. Wanafika 17-17, na fremu ya mwisho inachukua dakika 68. Zimebaki rangi nne, kahawia, bluu, pinki na mweusi, jumla pointi 22. Davis ana 62, Taylor ana 44. Fanya hesabu: Taylor anahitaji zote nne, na anachukua tatu. Sasa ni mweusi peke yake. Hapa ndipo nataka uwatazame wawili hawa kwa makini. Taylor, mcheshi, anajaribu kwanza kuugongesha mweusi ukingoni ili urudi shimo la kati, mpigo wa kuthubutu. Unakosa. Wanapokezana. Kisha Taylor anakosa tena, na Davis anaachiwa mweusi wa kukatwa kwa kukwanguliwa pembeni tu kuelekea shimo la kona. Wengi huuona rahisi. Si rahisi: mpigo wa kukwangua humtisha mtu asiugonge mpira kwa unene, hivyo anajihadhari, na akizidisha kujihadhari anaukwangua mno. Ndivyo alivyofanya Davis. Mweusi ukapita nje ya shimo kwa upande wa juu, Taylor akauingiza, 18-17. Ilikuwa baada ya saa sita usiku, na watu milioni 18.5 wa Uingereza walikuwa bado macho mbele ya televisheni ya BBC2. Rejea uso wa Davis: hakuna kitu. Waliomwita jiwe walipata ushahidi wao siku hiyo. Mimi nauona uso wa mtu aliyejifunza tangu utotoni kwamba kuonesha hisia kunasogeza kichwa. Na usidhani njia yake ilikuwa ya ujana tu. Mwaka 2010, akiwa na miaka 52, alimtoa bingwa mtetezi John Higgins (si Alex) 13-11 palepale Crucible, na safari hiyo ukumbi ulimshangilia yeye.

Wakanada wanastahili barua yao, ila nitapita haraka. Cliff Thorburn alikuwa mpole wa sauti na mgumu wa kuchosha. Aliamini kwamba mpinzani atachoka kabla yake, na 1980 alimshinda Higgins 18-16 kwa imani hiyo. Mwaka 1983 alifunga 147 ya kwanza kabisa pale Crucible, na mwekundu wa kwanza aliupata kwa bahati tu! Mwenzake Bill Werbeniuk aliyekuwa akicheza meza ya pili aliacha kazi yake akaja kuchungulia. Mechi hiyo dhidi ya Terry Griffiths ilimalizika 13-12 karibu saa kumi alfajiri. Robo fainali Thorburn akashinda tena 13-12, nusu fainali 16-15, na alipofika fainali hakubaki na kitu: Davis 18-6. Ukitaka kujua kasoro ya uvumilivu kama silaha, ni hiyo. Uvumilivu unamla mwenye nao. Werbeniuk naye alikunywa bia nyingi kabla na wakati wa mechi, si kwa ulevi peke yake bali kutuliza mtetemo wa mkono wa kurithi. Na Kirk Stevens, mwenye suti nyeupe, alifunga 147 kwenye mashindano ya Masters ya 1984 dhidi ya White, kisha mechi akaipoteza 6-4.

White mwenyewe ndiye anayeumiza. Mkono wa kushoto, haraka, mweupe anaurudisha nyuma kwa nguvu hadi unaonekana una kamba. Fainali sita za dunia, ushindi sifuri. Wanasema alikosa roho ya ubingwa. Sikubali kirahisi. Mwaka 1992 aliongoza 14-8 dhidi ya Stephen Hendry na akapoteza fremu kumi mfululizo, lakini Hendry alikuwa akifunga mfululizo baada ya mfululizo. Huwezi kujihami ukiwa kitini. Kosa la 1994 ni lake, hilo nakubali: 17-17, anaongoza 37-24, mweusi uko kwenye alama yake, anauharakisha na unakataa. Hendry akasafisha kwa 58.

Na Reardon, bingwa mara sita kati ya 1970 na 1978, aliyekuwa mchimba makaa kisha polisi kabla ya mchezo kumlipa, mtazame anapotembea kuizunguka meza. Anatabasamu na kuzungumza na watu huku akimfichia mpinzani mweupe nyuma ya mpira wa rangi. Ndiye wa kujifunzia kujihami, kuliko hata Davis, kwa kuwa hana haraka na huona mipigo miwili mbele.

Kwa mpango wa kutazama: fremu ya 30 ya 1982 kwanza, mara mbili, ya pili ukifuata mweupe tu. Kisha fremu ya mwisho ya 1985, dakika zote 68, usiruke hata zile za kujihami, kwa sababu bila hizo hutaelewa kwa nini mikono yao ilikuwa mizito kwenye mweusi. Thorburn muweke siku usiyo na kazi asubuhi yake. Na viti pia vitazame: enzi hizo sigara ziliruhusiwa ukumbini, mdhamini akiwa kampuni ya sigara, na Higgins kitini hakai, hunywa, huvuta, hujikuna, ilhali Davis anapiga funda la maji na kutazama mbele.

Ukimaliza ya 1985 niandikie jambo moja. Ule mpigo wa kwanza wa Taylor kwenye mweusi, wa kugongesha ukingoni: wewe ungeupiga, au ungejihami? Mimi ningejihami.

Wasalaam,
Ni mimi swahibu yako