Nusa Kwanza Kabla ya Kununua Sili ya Tatu

Uyole, Mbeya
Jumapili jioni

Rafiki yangu Baba Tumaini,

Ugonile! Huku ukungu haujainuka tangu asubuhi, watoto wote wako jikoni wanaota moto. Habari ya pikapu yako imeninyima raha. Sili ya nyuma kushoto, ule mpira wa kuzuia oili isivuje tairini, imebadilishwa mara mbili, tairi bado linalowa, na handibreki inashika kulia tu. Halafu Alhamisi unataka kuteremka nayo mlima wa Kitonga na magunia ya viazi! Nakuomba usiende nayo. Kodi gari la mtu.

Fungua dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki nyuma ya tairi, chovya kidole kwenye huo unyevu, unuse. Oili ya difu, yaani ya gia zilizo katikati ya ekseli ya nyuma, ni nzito na inanuka kiberiti. Mafuta ya breki ni mepesi, na yakidondokea bodi ya gari yanababua rangi. Ukikuta ni ya breki, sili haina kosa. Kunjua mpira wa silinda ndogo iliyo humo ndani ya dramu, utaona panapovuja. Lile vumbi usilipulize kwa mdomo, maana breki za zamani zilikuwa na asbesto.

Mimi nahisi ni oili ya difu, na kama ni hivyo kuna kitu kinachoua sili zako. Kazia mawe tairi za mbele, piga jeki, egesha gogo imara chini ya ekseli, kisha shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi inayoshika shafti ya tairi imekwisha, na shafti inayoyumba itakula kila sili utakayoweka. Ukiichomoa hiyo shafti, pitisha ukucha pale sili inapokaa. Ukinasa kwenye mfereji, hapo hapazibi tena.

Lakini kuna jambo ambalo mafundi wengi hawaligusi. Mwaka jana nilimaliza sili tatu kwenye gari langu la kubebea viazi vya Isyonje, beringi nzima, shafti laini kabisa. Nikawa namlaumu muuza spea. Fundi mmoja mzee wa Mwanjelwa akaingia uvunguni, akapapasa juu ya ekseli, akakuta kipumulio, kile kitundu cha kutolea hewa ya difu, kimezibwa na tope lililokauka kama saruji. Difu ikipata moto mlimani, hewa ndani inatanuka. Ikikosa pa kutokea inaisukuma oili ipite kwenye sili. Alipokifungua tu, fyuuu! Sili ya nne ipo mpaka leo.

Angalia pia kama fundi wako amejaza oili kupita kiasi. Gari likiwa pa tambarare, inatakiwa iishie usawa wa tundu la kujazia.

Viatu vya breki, vile vipande vinavyobana dramu, vikiwa vimelowa vitupe. Ukiviosha kwa petroli vitaonekana safi, lakini vikipata moto oili hutoka tena. Nunua vya kushoto na kulia kwa pamoja.

Jumamosi ninaweza kupanda basi la asubuhi nije Makambako na spana zangu. Msalimie Mama Tumaini. Na kesho, ukishafungua dramu, nipigie simu uniambie inanuka nini.

Wako,
Baba Subira