Nguzo ya Phoenixville

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa watoto. Swali lako limenifurahisha. Umeona picha ya nguzo ya chuma iliyotolewa kwenye daraja kuukuu la reli huko Marekani, bomba la duara lenye mbavu nne za nje zilizopigwa ribiti, na unauliza kwa nini mtu ajisumbue kuunda bomba kwa vipande wakati angeweza kulisubu zima kwa mara moja. Jibu lake ni karibu historia nzima ya kampuni ya Phoenix ya mji wa Phoenixville, jimbo la Pennsylvania, kwa hiyo kaa kitako.

Tuanze na kazi yenyewe. Kwenye kenchi ya daraja, yaani fremu yake ya vyuma vilivyounganishwa, kuna vyuma vinavyovutwa na vyuma vinavyogandamizwa. Cha kuvutwa hakina taabu kubwa: ukijua unene wake na ubora wa chuma, umeshajua kitabeba nini. Cha kugandamizwa ndicho kinachowakosesha wahandisi usingizi. Simamisha ufito mrefu wa mkoko na uubonyeze kwa juu. Hausagiki, unabinuka katikati na kuvunjika, tena kwa nguvu ndogo mno kuliko ile ambayo mti wenyewe ungeistahimili. Chuma kirefu hufanya vivyo hivyo.

Dawa ni kukisogeza chuma mbali na kitovu. Chukua kipande chenye inchi mraba 12 za mkato. Ukikifanya mche mmoja wa duara, kipenyo chake ni kama inchi 4. Chuma hichohicho, uzito uleule, ukikitandaza kiwe bomba la kipenyo cha inchi 8, ukuta wake utakuwa karibu nusu inchi, na uwezo wake wa kukataa kubinuka utaongezeka zaidi ya mara 7. Hujaongeza hata ratili moja ya chuma. Ndiyo maana bomba.

Sasa kwa nini vipande? Katika miaka ya 1850 mabomba mengi ya nguzo yalikuwa ya chuma cha kusubu. Chuma hicho kinavumilia kugandamizwa vizuri sana, lakini kikipata mvuto au kishindo kinapasuka bila kuonya. Tena kalibu ya bomba inahitaji kiini cha udongo katikati. Kiini kikisogea kidogo wakati wa kumimina, upande mmoja wa ukuta unatoka mnene na wa pili mwembamba, na kwa nje huoni kitu. Mapovu ya hewa nayo hujificha ndani. Chuma cha kufua, yaani cha kupigwa na kuviringishwa kikiwa na moto, hakina ugonjwa huo: kinapinda kabla ya kukatika, kinakuonya. Shida ni kwamba hakimiminwi, na wakati huo kuviringisha bomba nene na pana lisilo na kiungo kulikuwa nje ya uwezo wa viwanda.

Samuel Reeves wa kampuni ya Phoenix alipata jibu, na hataza yake ni ya 1862. Badala ya bomba zima, viringisha robo ya duara yenye kingo mbili zilizogeukia nje. Kusanya vipande vinne, kingo kwa kingo, piga ribiti: umepata nguzo. Ukitaka kubwa zaidi, tumia vipande sita au vinane vyenye tao dogo zaidi. Kampuni iliziuza kwa herufi, kuanzia A, nguzo ya vipande vinne yenye uwazi wa ndani wa inchi tatu na kitu, hadi G ya vipande vinane, yenye uwazi wa karibu inchi 14. Unene wa ukuta ulibadilishwa kwa kusogeza rola tu, na pao bapa liliweza kuchomekwa katikati ya kingo mbili ili kuongeza eneo bila kutengeneza rola mpya. Hapo ndipo napenda akili ya yule bwana: rola chache, nguzo za kila uzito.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha zamani. Kilianza 1790 kama kiwanda cha misumari kando ya kijito cha French Creek, karibu kinapoingia mto Schuylkill. Jina la Phoenix linahusishwa na Lewis Wernwag, aliyekuwa mshirika pale kuanzia 1813; naye alikuwa mjenzi wa madaraja ya mbao, yule aliyevusha tao la futi 340 juu ya Schuylkill pale Philadelphia. Ukoo wa Reeves uliingia 1827. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kiwanda kilitengeneza mizinga zaidi ya 1,000 ya inchi 3 kwa mbinu ya John Griffen, mapao ya chuma cha kufua yakizungushwa na kuunganishwa kwa moto. Baada ya vita, mikono iliyozoea chuma cha kufua ikageukia madaraja. Mhandisi Thomas Curtis Clarke akaungana na akina Reeves, na kazi ya madaraja ikaendeshwa kwa jina la Clarke, Reeves na Kampuni mpaka 1884, ilipoitwa Phoenix Bridge Company.

Utengenezaji ulikwenda hivi. Chuma ghafi kiliyeyushwa kwenye tanuri ambalo moto hukigusa lakini makaa hayakigusi. Fundi alikikoroga kwa fito ndefu mpaka kaboni iungue na chuma kianze kushikana kama ugali. Bonge likabanwa kutoa takataka, likapitishwa kwenye rola kuwa pao, mapao yakakatwa, yakapangwa mafungu, yakapashwa moto upya na kuviringishwa kuwa vipande vya tao. Kingo zikatobolewa matundu. Uso wa ndani ulipakwa rangi kabla ya kufunga, kwa sababu baada ya hapo brashi haiingii tena. Kisha vipande vikashikizwa kwa bolti na kupigwa ribiti za moto, ubavu mmoja baada ya mwingine.

Hatua ya mwisho watu huipita haraka, nami naiona ndiyo kubwa: ncha zote mbili zilichongwa kwa mashine mpaka ziwe sawasawa na ziwe na pembe mraba kwa mhimili wa nguzo. Ncha ikiwa imeinama hata kwa unene wa karatasi, mzigo unaingia kwa upande mmoja wa duara, na nguzo inaanza kubinuka kabla ya kubeba mzigo wake kamili. Kwenye viungo nguzo zilikaa juu ya vitalu vya chuma cha kusubu, ambako kugandamizwa pekee hakukidhuru chuma hicho, na fito bapa zenye jicho zilizobeba mvuto zilivishwa kwenye pini. Daraja la namna hiyo lilifika kwenye eneo la kazi likiwa vipande vilivyokwisha kupimwa kiwandani. Ribiti za kupigwa huko zilikuwa chache, na pini zikiingia, umesimamisha.

Wala hawakutegemea hesabu peke yake. Nguzo za ukubwa halisi, kuanzia kipande cha inchi 8 hadi za futi 28, zilipelekwa kwenye mashine kubwa ya majaribio ya ghala la silaha la Watertown, Massachusetts, zikagandamizwa mpaka ziharibike. Hata zile ndefu zilistahimili zaidi ya pauni 30,000 kwa kila inchi mraba. Kumbuka jambo hili la kupima kitu chenyewe, nitalirudia.

Kazi yao inayojulikana zaidi ni Kinzua, daraja la reli la 1882 kaskazini mwa Pennsylvania: urefu futi 2,053, kimo futi 301 juu ya bonde, minara 20. Lilisimamishwa na watu wapatao 40 kwa siku 94 za kazi, bila jukwaa la mbao kutoka chini. Mnara wa kwanza uliinuliwa kwa mlingoti na kapi, winchi ya mbao ikajengwa juu yake, ikainua mnara wa pili, ikasogea, ikainua wa tatu, hadi ng'ambo. Kwa muda lilikuwa daraja la reli refu kwa kimo kuliko yote duniani. Miaka minane kabla yake, 1874, Clarke na Reeves walikuwa wamependekeza mnara wa futi 1,000 kwa nguzo hizohizo kwa ajili ya maonyesho ya Philadelphia ya 1876. Haukujengwa. Mnara wa Eiffel ulikuja 1889.

Kasoro za nguzo hii nazo uzijue, maana picha yako inazionyesha. Ya kwanza ni tumbo lake. Maji hupenya kwenye maungio ya kingo, hayana pa kutokea, kutu inakula kwa ndani na mkaguzi haioni. Kwenye nchi za baridi maji hayo huganda na kuzisukuma kingo ziachane. Ukigonga kwa nyundo na sauti ikaja nzito sehemu ya chini, shuku maji au rundo la kutu. Ya pili: ni vigumu kufunga boriti au kishikizo kwenye uso wa mviringo, lazima ufuate kingo au utengeneze kitalu maalumu. Ya tatu ni bei. Steli, yaani chuma cha pua, ilipokuwa rahisi katika miaka ya 1890, bamba na vyuma vya pembe viliunda nguzo ya mraba ambayo fundi yeyote angeweza kuitoboa, kuifunga na kuipaka rangi pande zote. Nguzo ya Reeves ikaanza kuachwa.

Mwaka 1900 kampuni 28 za madaraja ziliunganishwa kuwa American Bridge Company. Jina hilo linatugusa huku kwetu: ndiyo iliyopewa kazi ya madaraja 27 ya chuma ya Reli ya Uganda kwenye miinuko ya Mau, baada ya viwanda vya Uingereza kudai muda mrefu zaidi na bei kubwa zaidi. Phoenix haikuingia kwenye muungano huo. Ilibaki peke yake, na ikachukua kazi kubwa kuliko zote, daraja la Quebec juu ya mto St. Lawrence huko Kanada.

Hapa inaniuma kila ninaposoma. Mhandisi mshauri, Theodore Cooper, alirefusha uwazi wa kati, yaani umbali kutoka nguzo kuu moja hadi ya pili, kutoka futi 1,600 hadi 1,800, lakini uzito wa daraja lenyewe haukupigwa hesabu upya kwa wakati. Ilipogundulika 1906 kwamba mikazo imezidi kwa asilimia 7 hadi 10, steli nyingi ilikuwa imeshasimama, na kazi ikaruhusiwa kuendelea. Vyuma vya chini, vile vinavyogandamizwa, havikuwa tena bomba lililofungwa. Kila kimoja kilikuwa mabamba manne makubwa yaliyosimama sambamba, yakishikwa pamoja kwa vyuma vyembamba vya mshazari. Katika bomba la Reeves kila upande unaushika mwenzake kwa urefu wote. Katika vyuma vya Quebec mabamba yaliweza kufanya kazi pamoja ikiwa tu mishazari ile na ribiti zake zimetosha. Hazikutosha. Na chuma cha ukubwa ule hakikuwahi kupimwa kwenye mashine.

Agosti 1907 kimoja cha vyuma hivyo, kilichoandikwa A9L, kilipimwa na kukutwa kimepinda robo tatu ya inchi. Kufikia tarehe 27 kilikuwa inchi 2 na robo. Mkaguzi kijana, Norman McLure, alisafiri hadi New York kumwonyesha Cooper. Cooper alituma simu ya maandishi Phoenixville kwamba mzigo usiongezwe. Quebec kwenyewe hakutuma. Jioni ya tarehe 29 daraja lilianguka kwa sekunde zisizozidi 15 hivi. Kati ya watu 86 waliokuwa juu yake walikufa 75, na 33 kati yao walikuwa Wamohawk, wenyeji asilia wa huko, kutoka Kahnawake, kijiji kimoja. Tume ya Kanada iligandamiza mfano mdogo wa chuma kile hukohuko Phoenixville. Ribiti za mishazari ndizo zilizokatika kwanza. Lawama iliwaangukia Cooper na mbunifu mkuu wa kampuni, Peter Szlapka. Mimi naongeza hili: kampuni iliyojenga jina lake kwa kuzigandamiza nguzo zake mpaka ziharibike ndiyo iliyoacha kukigandamiza chuma chake kikubwa kuliko vyote.

Kampuni ya madaraja iliendelea hadi 1962, na kiwanda cha chuma kikafungwa 1987. Jengo lao la kusubia la 1882 bado lipo Phoenixville.

Na ukifika Kinzua siku moja, usije ukapiga picha nguzo ukadhani ni za Reeves. Minara ile ilijengwa upya kwa steli mwaka 1900, kwa sababu injini zilikuwa nzito kuliko zamani. Kilichobaki cha 1882 ni misingi ya mawe na bolti zake, ambazo walizirefusha kwa kuziunganishia viungio badala ya kuzing'oa. Tarehe 21 Julai 2003 kimbunga kilipita bondeni na kuangusha minara 11, na wachunguzi wakakuta bolti na viungio hivyo vimelika kwa kutu. Minara sita iliyobaki upande mmoja inabeba njia ya watembea kwa miguu. Tembea hadi mwisho, tazama chini ya miguu ya ile iliyolala, utaona bolti zilipokatika.

Nisalimie wote. Ukipata picha ya ncha ya nguzo ile, nitumie, nihesabu kama kuna mapao kati ya kingo.

Ni mimi rafiki yako