Risala ya Jumuiya ya Watumia Maji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kupokea Maoni ya Wananchi kuhusu Mpango wa Maji wa Bonde

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa wajumbe wa Bodi ya Maji ya Bonde,
Viongozi wetu wa serikali na wa dini,
Wataalamu wa maji,
Wanachama wenzetu wa juu na wa chini ya mto,
Mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanachama wote wa jumuiya hii, tunakukaribisha kwa heshima na furaha katika siku ambayo wananchi wa bonde wamekutana kuisoma rasimu ya mpango wa usimamizi wa rasilimali za maji na kuitolea maoni. Tunakushukuru pia kwa kukubali kupita kwenye banio la juu, pale maji ya mto yanapogeuziwa mferejini, kabla ya kuketi hapa jukwaani. Viatu vyako vimerudi na tope, Mheshimiwa, na baadhi yetu tumeanza kuiamini siku ya leo kwa sababu hiyo tu.

Jumuiya yetu haikuzaliwa kwa mapenzi bali kwa ugomvi. Katika kiangazi kimoja kikali, wakulima wa chini walikuwa wakipanda usiku na tochi kwenda kuondoa magunia ya mchanga yaliyoziba mto, na wakulima wa juu wakawa wanalala kandokando ya mfereji kuyalinda. Kilichotupatanisha ni kukaa pamoja, kupima maji yaliyokuwepo, na kukubaliana zamu ambazo kila mtu angeweza kuzihesabu kwa vidole vyake. Leo ndani ya jumuiya moja wamo wakulima wa umwagiliaji, wafugaji, wavuvi, kamati za maji ya kunywa na wenye viwanda vidogo. Bado tunagombana, ila sasa tunagombana mchana, kwenye kikao, na katibu anaandika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo tulilokuja kulisema ni moja. Maoni ya wananchi yana thamani pale yanapoombwa kabla uamuzi haujafanywa, na pale yanapopata majibu. Yakikosa kimojawapo kati ya hivyo viwili, mkutano wa hadhara unakuwa ni gharama ya turubai na vipaza sauti.

Tunasema hivyo kwa sababu tumewahi kupita huko. Miaka kadhaa iliyopita ofisi moja, ambayo hatuna haja ya kuitaja, ilituita kwenye mkutano wa maoni kuhusu bwawa. Tulikabidhiwa ripoti asubuhi ya mkutano wenyewe, nene kama tofali, katika lugha ambayo ni wachache wetu wanaoisoma, na ilipofika saa sita mchana tukaulizwa kama tuna la kusema. Wakati huo mahali pa bwawa palikuwa pamekwisha kuchaguliwa na vigingi vimeshapigwa. Tulisema tuliyokuwa nayo, tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukatawanyika. Baadaye tuliambiwa kwamba wananchi walishirikishwa kikamilifu, na ushahidi uliotolewa ulikuwa ni ile karatasi ya mahudhurio.

Safari hii, kwa ushirikiano mzuri na watumishi wa Bodi, tulijaribu njia nyingine, na tunaomba utuvumilie tukueleze kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndiko tulikojifunza zaidi. Kabla ya mkutano huu mkubwa tulifanya vikao vidogo kijiji kwa kijiji. Katika kikao cha kwanza mtaalamu wetu, kijana mwenye subira, alikuwa akieleza mtiririko wa mto kwa mita za ujazo kwa sekunde, na watu walikuwa wakiitikia kwa vichwa kama watu wanavyoitikia mambo wasiyoyaelewa. Mama mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono akauliza, "Hizo ni ndoo ngapi, mwanangu?" Kijana akasita, kisha akageukia ubao. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, ndoo ni lita 20, kwa hiyo mita moja ya ujazo kwa sekunde ni ndoo 50 zinazopita mbele yako kila sekunde. Ukumbi ukanyamaza. Halafu mzee mmoja akataka kujua pampu iliyo kwenye kona ya mto inanyonya ndoo ngapi kwa saa, mwingine akauliza za mfereji wake mwenyewe, na kuanzia hapo kikao hakikuhitaji tena mwongozaji. Tangu siku hiyo kila takwimu inayopelekwa vijijini tunaiandika mara mbili, kwa vipimo vya kitaalamu na kwa ndoo.

Katika kikao kingine tulitandika ramani ya bonde mezani. Ramani hiyo ilionyesha mto wetu kwa mstari wa bluu usiokatika tangu milimani hadi unapoungana na mto mkubwa. Mfugaji mmoja aliutazama, akaomba kalamu, akaukata mstari ule sehemu tatu, na pembeni ya kila mkato akaandika mwezi ambao maji hutoweka na kubaki madimbwi. Wengine wakaongeza chemchemi zilizokauka lakini bado ziko kwenye ramani, na moja iliyo hai ambayo haikuwemo. Mtaalamu wetu alikwenda kuhakiki kwa miguu, na sehemu kubwa ya yale yaliyochorwa imeingia kwenye rasimu unayoiona leo. Hatusemi kwamba mfugaji anajua kuliko mtambo wa kupimia. Tunasema kwamba mtambo unapima pale ulipofungwa, na mfugaji amepita kwingine kote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, haya tunayoyaomba hayakubuniwa kando ya mto wetu. Mkutano wa kimataifa kuhusu maji na mazingira uliofanyika Dublin mwezi Januari 1992 ulitamka kwamba maji yasimamiwe kwa kuwashirikisha watumiaji, wapangaji na watunga sera katika ngazi zote, na kwamba wanawake wana nafasi ya msingi katika kuyapata, kuyasimamia na kuyalinda. Lengo la 6 la Malengo ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, limeutaja ushiriki wa jamii katika usimamizi wa maji. Tanzania, kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, husimamia maji yake kwa mabonde 9 badala ya kufuata mipaka ya mikoa, na jumuiya za watumia maji zinatambulika kisheria. Kenya, katika Katiba ya mwaka 2010, imeuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa. Maneno mazuri, kwa hiyo, hayajapungua.

Kinachotuvutia zaidi ni ratiba, nayo tumeiona ikiwa wazi kabisa katika Mwongozo wa Maji wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2000. Kwa mujibu wa mwongozo huo, ratiba ya kuandaa mpango wa bonde hutangazwa angalau miaka 3 kabla ya kipindi cha mpango kuanza, muhtasari wa masuala makubwa ya maji miaka 2 kabla, na rasimu yenyewe mwaka 1 kabla, na katika kila hatua wananchi hupewa muda usiopungua miezi 6 wa kutoa maoni kwa maandishi. Tunaomba uutazame mpangilio huo kwa makini. Watu huulizwa kwanza tatizo ni lipi, ndipo baadaye waulizwe kama suluhisho linawafaa.

Mambo yakipinduliwa, matokeo yake yanajulikana. Mwezi Oktoba 2010 nchini Australia, mamlaka inayosimamia bonde la mito Murray na Darling ilitoa mwongozo wa awali uliopendekeza kupunguza maji ya matumizi ili kuurudishia mto kati ya gigalita 3,000 na 4,000 kwa mwaka (gigalita moja ni lita bilioni moja), na katika mji wa Griffith wakulima waliokusanyika wakachoma nakala zake hadharani. Mpango uliopitishwa mwaka 2012 ulitaja gigalita 2,750. Wapo wanaosema hasira ya watu iliushinda utaalamu, na wapo wanaosema wakulima ndio walioonewa. Sisi tulio mbali tunaona jambo dogo tu: hesabu iliwafikia watu ikiwa imekamilika, na mtu aliyeletewa hesabu iliyokamilika hana nyingi za kuchagua, ataikubali au ataichoma.

Kuhusu majibu, mfano tunaoupenda ni wa Valencia nchini Hispania. Kila Alhamisi saa sita mchana, mbele ya mlango wa kanisa kuu, hukutana mahakama ya maji inayoendeshwa na wakulima waliochaguliwa na wakulima wenzao wa mifereji 8. Mashauri husikilizwa kwa mdomo na uamuzi hutolewa papo hapo. Mwaka 2009 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Tunaitaja si kwa ukongwe wake, maana ukongwe hauazimwi, bali kwa sababu kila mkulima wa pale anajua ni siku gani, saa ngapi na mlango upi. Sisi tukiwa na lalamiko la maji, swali la kwanza huwa ni ofisi ipi, la pili ni kama mhusika yupo.

Hatutaki kujifanya malaika, Mheshimiwa. Wapo wanachama wetu waliohudhuria vikao kwa ajili ya posho, na posho ilipokosekana viti vikabaki vitupu. Kipo kikao ambacho watu wa juu walifika kwa lori zima, wakajaza ukumbi, wakapiga makofi kwa kila hoja yao, na watu wa chini, waliokuwa wachache kwa sababu ya umbali, wakaondoka kimya. Tukaandika kwenye muhtasari kwamba tumekubaliana. Zipo pampu za wanachama, tunazijua, ambazo hazina kibali cha kutumia maji. Na kwa muda mrefu vikao vyetu viliitishwa saa tatu asubuhi, saa ambayo wanawake wengi wako njiani na ndoo, kisha tukashangaa kwa nini hawachangii. Tulipohamishia vikao alasiri na kuwapa wanawake kikao chao kabla ya kile cha wote, ajenda yenyewe ilibadilika: tulikuwa tukizungumza zamu za mifereji peke yake, wao wakaleta suala la maji ya kunywa yanayochafuliwa na mifugo na dawa za mashambani kabla ya kufika kwenye visima vifupi vya chini.

Maji ya chini ya ardhi tunayagusa kwa kifupi tu, kwa kuwa rasimu imeyaeleza vizuri. Tunaongeza neno moja. Mtu akiziba mto, jirani anaona siku hiyo hiyo, lakini visima virefu vikizidi mahali pamoja hakuna anayeona chochote mpaka kisima cha jirani kitoe hewa. Kwa hiyo vibali vya visima navyo vibandikwe hadharani, kama vile vya mabanio.

Katika yale tuliyoweza kuyafanya wenyewe, tunajivunia usomaji wa kina cha mto. Bodi ilitufungia ubao wenye alama za sentimita kwenye nguzo ya daraja, na vijana wetu wawili huusoma asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari, hata siku za mvua kubwa ambapo mmoja hulazimika kumshika mwenzake mkono ili ainame. Takwimu hizo hutumwa kwa simu. Hadi leo, hata hivyo, hatujawahi kuonyeshwa mchoro uliotokana nazo, na vijana hao wameanza kuuliza kama kuna mtu anayezisoma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu yanatokana na hayo. Tunaomba rasimu yoyote inayohusu maji ya bonde itufikie mapema, pamoja na muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili, ili tuwe na muda wa kuisoma vijijini kabla ya kuitwa ukumbini. Tunaomba maoni yanayotolewa leo yaandikwe na kutolewa mrejesho wa maandishi, kila hoja na jibu lake: iliyokubaliwa imeingizwa wapi, na iliyokataliwa imekataliwa kwa sababu gani. Kukataliwa hakutuvunji moyo kama kunyamaziwa. Tunaomba katika mgao wa kiangazi mto wenyewe utengewe fungu lake kabla ya sisi sote, kama Sheria ya Maji ya Afrika Kusini ya mwaka 1998 ilivyotenga akiba kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa uhai wa mito. Wavuvi wetu walitaka hili lisemwe na wakulima, si na wao, na ndivyo tulivyofanya. Tunaomba pia Bodi iwe na siku moja maalumu kila mwezi, isiyobadilika, ya kusikiliza malalamiko ya watumia maji hapa bondeni. Kwa upande wetu, wanachama wenye pampu zisizo na vibali wamepewa hadi mwisho wa msimu huu kuomba, na majina ya watakaokaidi yatasomwa kwenye mkutano mkuu, akiwemo mjumbe mmoja wa kamati tendaji ambaye yuko hapa na anatabasamu.

Mezani kwako kuna daftari la jalada jeusi. Katika kurasa za kushoto tumeandika maoni yote yaliyotolewa kwenye vikao vya vijiji, kwa maneno ya waliosema, pamoja na yale yanayopingana. Kurasa za kulia tumeziacha wazi kwa ajili ya majibu. Nakala yake moja tunabaki nayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.