Tunatafuta shilingi 1,040,000 ili wazee wapande basi moja na wajukuu kwenda Makumbusho ya Kijiji, Dar es Salaam

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Mwezi uliopita watoto wa Shule ya Jumapili waliambiwa wachore nyumba ya bibi. Karibu wote walichora nyumba ya mabati, madirisha mawili, dishi juu ya paa. Hawakukosea, bibi wengi siku hizi wana mabati. Ila bibi yetu mmoja wa benchi la pili, mzaliwa wa Kongwa, alizichungulia zile karatasi akacheka. "Mimi nilizaliwa chini ya udongo," akasema. Watoto wakadhani anatania. Ndipo akaanza kuwasimulia tembe: kuta za miti zilizokandikwa, paa bapa la fito lililofunikwa udongo, ng'ombe wanalala humo humo uani, na mlango ulioishia hapa. Akaweka kiganja kifuani pake. Bibi mwenyewe si mrefu. "Paa likivuja mnapanda na udongo mwingine, mnakanyaga, mnashuka."

Mtoto mmoja akauliza kama hiyo nyumba bado ipo. Ya kwao bibi haipo tena. Lakini Dar es Salaam ipo tembe ya Wagogo unayoweza kuinama ukaingia, na huko ndiko tunakotaka kwenda.

Makumbusho ya Kijiji yako Kijitonyama, kando ya barabara ya Bagamoyo. Wengi wetu tumepita pale mara nyingi, konda anapaza "Makumbusho, Makumbusho!", tunashuka na kwenda zetu bila kugeuza shingo. Yalifunguliwa mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa pale kwa ukubwa wake halisi na kwa vifaa vya asili. Msonge wa Wahaya nyasi zake zinashuka toka kileleni hadi karibu na ardhi, huoni ukuta uko wapi. Nyumba ya Kizaramo ina pembe nne. Ukitazama tembe na msonge kwa pamoja unaelewa bila kufundishwa: Dodoma kwa Wagogo mvua ni chache, paa bapa linatosha, Kagera kwa Wahaya mvua hainyamazi, lazima maji yateremke. Na zipo ngoma za asili, kwa hiyo vijana wasioipenda historia nao hawatasinzia.

Sasa niseme kilichotuleta kwenu. Kamati ingeweza kupeleka watoto peke yao, gharama ingepungua. Tulikataa. Mtoto akiingia kwenye msonge na mwongoza wageni atasikia maelezo mazuri. Akiingia na babu aliyelala kwenye nyumba kama ile atasikia nani alilala upande gani, na moshi ulivyowatoa machozi. Usharika wetu hapa Morogoro una Wahaya, Wagogo, Wachagga, Waluguru, Wanyakyusa, na watoto wao wote wanaongea Kiswahili kimoja cha Msamvu. Wazee tulionao ni 11. Hatujui mwakani watakuwa wangapi.

Tuko watu 57 kutoka familia 16. Basi ni shilingi 1,300,000, chakula 325,000 (akina mama watapika pilau usiku, tutabeba), kiingilio, maji na akiba ya dharura 350,000. Jumla 1,975,000. Familia 11 zimeshatoa 50,000 kila moja, na mnada wa Jumapili mbili zilizopita umetupatia 385,000. Yule jogoo mwekundu aliuzwa mara tatu, kila mnunuzi akimrudisha mnadani, Mungu awabariki. Pengo lililobaki ni 1,040,000. Familia tano ambazo hazijatoa, kamati inajua hali zao, na hakuna atakayeachwa kwa sababu hiyo. Tusiulizane majina.

Vijana wamependekeza treni ya umeme, na kusema kweli hata mimi ningeipenda. Lakini kutoka stesheni mpaka Kijitonyama tungehitaji usafiri mwingine, tuna wazee wa mikongojo, na kuwapandisha daladala mchana wa jua ni adhabu. Akiba ya dharura nayo msiione ni ya kula. Safari yetu ya mwisho basi la kukodi lilitufia Chalinze, tukafika saa tisa alasiri tumeshiba mahindi ya kuchoma, na watoto hawakuona kitu.

Kila mchango unapokelewa. Fedha apewe mhazini, namba anayo kila mzee wa kanisa. Asiye na fedha alete kuku, mkungu wa ndizi au debe la mchele, mnada utaendelea kila Jumapili baada ya ibada. Ninyi mliohamia Dar, msitume nauli ya kwenu: njooni mtukute kule na wazazi wenu, mlete maji ya kunywa. Mapato na matumizi yatasomwa madhabahuni Jumapili inayofuata baada ya safari, na kikibaki kitu kitaingia mfuko wa Shule ya Jumapili.

Tunaondoka Jumamosi ya pili ya likizo ya Juni, saa 11 alfajiri, uwanja wa kanisa. Fedha ya basi inatakiwa wiki mbili kabla. Kiti cha mbele karibu na dereva kimeshachukuliwa: bibi wa Kongwa ameagiza mapema, maana mabasi humchefua.